Mkopo Mpya wa Simu Utawafanyia Nini Watu? Vyanzo Vinne vya Maarifa ya Miradi Iliyopita, Vikilinganishwa

Tuseme SACCOS yenu, au benki unayoifanyia kazi, inataka kuanzisha mkopo mdogo wa simu kwa wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa. Mama anabonyeza namba, mfumo unasoma akiba na miamala yake, na baada ya dakika chache pesa imeingia. Idara ya masoko imeshachapisha mabango. Kisha mjumbe mmoja wa bodi, au mfadhili, anauliza: hii huduma itawafanyia nini watu? Jibu linatakiwa kabla huduma haijaanza, kwa hiyo takwimu za huduma yenyewe hazipo. Kilichopo ni yale yaliyokwisha kutokea kwenye miradi mingine.

Na hayo ni mengi, yametawanyika. Kuna faili za miradi ya taasisi yenyewe. Kuna tafiti za kitaalamu zilizochapishwa. Kuna takwimu za taifa. Halafu kuna watu waliokuwepo: maofisa mikopo wa zamani, mawakala, waweka hazina wa vikundi. Kila chanzo kina watetezi wake. Mtafiti atakuambia kwamba bila kundi la kulinganisha huna ushahidi wowote. Meneja wa tawi atajibu kwamba hao maprofesa hawajawahi kumfuata mdaiwa nyumbani kwake saa kumi na mbili asubuhi. Nimewasikiliza wa pande zote mbili na sioni aliyekosea; wanajibu maswali tofauti tu. Ulinganisho huu ni kwa aliye katikati yao, mwenye bajeti finyu na tarehe ya kikao iliyokwisha kupangwa.

Vigezo

Kila chanzo nitakipitisha kwenye vigezo vitano vilevile.

Cha kwanza ni swali kinalolijibu. "Nini kilitokea", "kwa nini kilitokea" na "kilimfaa nani" ni maswali matatu, ingawa kwenye ripoti nyingi huvaa koti moja. Cha pili ni nguvu ya ushahidi: je, chanzo kinaweza kutenganisha kazi ya huduma na mambo mengine yaliyotokea wakati huohuo, kama mvua nzuri, bei ya korosho kupanda au barabara mpya ya lami?

Cha tatu nakipa uzito kuliko vingine, na nasema mapema ili unaposoma ujue ninakoegemea: nani anaonekana, nani amefichwa. Huduma ya fedha ikimuumiza mtu, mara nyingi huyo ndiye wa kwanza kutoweka kwenye orodha. Laini ameizima, kikundi amekiacha, pengine amehama mtaa. Chanzo kisichomwona hakiwezi kukueleza madhara, hata kiwe na kurasa ngapi.

Cha nne ni kama maarifa yake yanahamishika kutoka mahali pale hadi kwenu. Cha tano ni gharama na muda.

1. Faili za miradi yenu wenyewe

*Swali kinalolijibu.* Nini kilipangwa, nini kilifanyika, kiligharimu kiasi gani na kazi ilikwama wapi. Mengi ya haya hayamo kwenye ripoti ya kufunga mradi. Ripoti hiyo kwa kawaida huandikwa na mtu anayeomba awamu ya pili. Utajifunza zaidi kwenye mihtasari ya vikao, ripoti za robo mwaka, daftari la malalamiko, na zile barua za kuomba kubadili malengo. Mradi ukiomba mara mbili kupunguza idadi ya wanawake watakaofikiwa, kuna jambo uwanjani ambalo sura ya "mafanikio" haikulisema.

Mfano bora wa faida ya kusoma majaribio ya zamani kwa jicho hilo ni M-Pesa yenyewe. Jaribio lake lilianza Kenya mwaka 2005, sehemu ya fedha ikitoka kwa idara ya maendeleo ya kimataifa ya serikali ya Uingereza, DFID. Vodafone na Safaricom walishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, na lengo lilikuwa wakopaji wapokee mikopo na kulipa marejesho kwa simu. Kwa lengo hilo jaribio lilikuwa na taabu: hesabu za taasisi ya mikopo na mfumo wa simu hazikuoana vizuri, na utaratibu wa vikundi uliingiliwa. Lakini waliokuwa wakifuatilia miamala waliona watu wanafanya mambo ambayo hayakuwa kwenye andiko la mradi. Walitumiana pesa. Waliweka pesa kwenye simu kabla ya kusafiri, wakazitoa walikofika, ili wasiibiwe njiani. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, mikopo haikuwa ujumbe wake tena. Ujumbe ulikuwa kutuma pesa nyumbani. Aliyesoma kiashiria cha marejesho peke yake angelifunga jaribio lile akalitia kabatini.

*Nguvu ya ushahidi.* Ndogo. Faili nyingi zinalinganisha hali ya kabla na baada kwa wateja haohao, bila kundi la watu wasiopata huduma. Kipato kikipanda, hujui ni mkopo au ni msimu. Angalia hasa unapokutana na kiwango cha marejesho kikitajwa kama ushahidi kwamba wateja wananufaika. Katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India, taasisi za mikopo midogo zilijivunia marejesho ya juu sana hadi mgogoro ulipolipuka mwaka 2010 na serikali ya jimbo kuingilia kati. Mtu anaweza kulipa kila wiki kwa kuuza mbuzi, kwa kukopa kwingine, au kwa kumwondoa mtoto shule, na kwenye jedwali lako akaonekana mteja safi.

*Nani anaonekana.* Waliosajiliwa na waliobaki. Kuna njia rahisi ya kuifanya faili iseme zaidi: chukua orodha ya majina ya mwanzo wa mradi na ya mwisho, tafuta waliomo kwenye ya kwanza na hawamo kwenye ya pili. Orodha hiyo ya waliopotea ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote kabatini, na karibu hakuna anayeitazama.

*Kuhamishika.* Ndani ya taasisi ileile, vizuri sana, hasa kwa udhaifu. Kama kwenye mradi wa 2016 mawakala walikuwa wanaishiwa floti (pesa ya kuhudumia wateja) siku ya gulio, na hakuna aliyebadilisha utaratibu wa floti, basi wataishiwa tena.

*Gharama na muda.* Nafuu kwa fedha, ghali kwa uvumilivu. Nusu ya nyaraka ziko kwenye kompyuta ya mtu aliyeacha kazi. Kuna pia sheria: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Majina na namba za simu zilizokusanywa kwa kazi moja si ruhusa ya kuzitumia kwa kazi nyingine, kwa hiyo mwone mwanasheria kabla ya kuzichambua.

Kinamfaa zaidi anayetaka kujua kama *taasisi yake* inaweza kuibeba huduma bila kuumiza watu.

2. Tafiti zilizochapishwa

*Swali kinalolijibu.* Je, huduma ya aina hii ilisababisha mabadiliko, na makubwa kiasi gani kwa wastani? Hapa ndipo chanzo hiki kinapowashinda wengine wote.

Kwa mkopo wetu wa simu, yapo mambo manne ya kusoma. La kwanza ni majaribio sita ya mikopo midogo yaliyochapishwa pamoja mwaka 2015, kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco. Yalionyesha kwamba mikopo ilisaidia watu kuwa na uhuru zaidi wa kupanga shughuli zao, ila haikuwatoa wengi kwenye umaskini, na waliojitokeza kukopa walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa. Kama andiko lenu linasema mkopo utaondoa umaskini katika kata tatu, mstari huo ufuteni kabla bodi haijauona.

La pili ni kazi za wachumi Tavneet Suri na William Jack kuhusu M-Pesa. Mwaka 2014 walionyesha kwamba familia zisizotumia huduma hiyo zilipopata msukosuko, kama ugonjwa au kupoteza kazi, matumizi yao yalishuka kwa takriban asilimia 7, wakati ya watumiaji hayakushuka, kwa sababu ndugu na jamaa waliweza kuwatumia pesa. Mwaka 2016 walikadiria kwamba M-Pesa ilizitoa kaya 194,000 kwenye umaskini uliokithiri, na kwamba wanawake 185,000 hivi walihama kutoka kilimo kwenda biashara. Namba hizi utazikuta kwenye kila wasilisho la fedha za simu Afrika Mashariki, hata pale huduma inayouzwa haina uhusiano wowote na kutumiana pesa. Tena zina wapinzani: mwaka 2019 Milford Bateman na wenzake walichapisha hoja nzito dhidi ya mbinu za utafiti huo wa 2016 na dhidi ya hitimisho lake. Ukizinukuu, soma na upande huo. Na la msingi kwa kazi yetu: utafiti ule unahusu *kutuma* pesa. Mkopo ni kitu kingine.

La tatu liko karibu zaidi. M-Shwari, mkopo na akiba ya simu iliyoanza Kenya Novemba 2012 kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, ilichunguzwa na Suri, Jack na Prashant Bharadwaj. Walilinganisha watu waliopita mstari wa alama za kukopesheka kwa kidogo na waliokosa kwa kidogo. Waliostahili mkopo walikuwa na uwezekano mdogo zaidi, kwa pointi 6.3 za asilimia, wa kuacha matumizi muhimu wakati wa msukosuko. Mtaji haukuibuka kuwa hadithi kuu. Mkopo wa simu uliwafaa watu kama mwavuli, na hilo linabadilisha kabisa kitu unachopaswa kupima: badala ya kuuliza biashara ngapi zimekua, uliza ni familia ngapi hazikukosa dawa au ada.

La nne ni vikundi vyenyewe. Mfumo wa kuweka na kukopa ambao shirika la misaada la CARE liliuanzisha Maradi, Niger, mwaka 1991, na ambao sura zake tunaziona kwenye VICOBA na vikundi vya hisa, ulifanyiwa jaribio Ghana, Malawi na Uganda, matokeo yakatoka 2017: akiba na biashara za wanawake ziliimarika, sauti yao katika kaya pia, lakini matumizi ya kaya kwa wastani hayakubadilika.

*Nguvu ya ushahidi.* Kubwa kuliko ya chanzo kingine chochote, ndani ya mipaka ya mahali na wakati wa utafiti.

*Nani anaonekana.* Mtu wa wastani, na huyo hayupo mtaani. Wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walipofungulia watu akaunti za akiba Bumala, magharibi mwa Kenya, wanawake wachuuzi wa sokoni waliongeza akiba na mtaji. Wanaume waliobeba abiria kwa baiskeli hawakuonyesha mabadiliko. Ungechanganya makundi hayo mawili ungepata namba isiyomhusu yeyote kati yao. Na jaribio kama hilo lilipopanuliwa Uganda, Malawi na Chile, walioweka pesa kwenye akaunti angalau mara tano ndani ya miaka miwili walikuwa asilimia 17, 10 na 3, na athari kwa ustawi hazikuonekana. Wote hao walikuwa wamepewa akaunti bure.

*Kuhamishika.* Hapa watu huteleza sana. M-Pesa ileile, chapa ileile, ilifungwa Afrika Kusini mwaka 2016 baada ya kushindwa kupata watumiaji wa kutosha katika nchi ambayo watu wengi tayari walikuwa na akaunti za benki. Hata kwa jirani: ndani ya miezi 14 ya kwanza Kenya ilikuwa na watumiaji milioni 2.7, Tanzania, baada ya muda kama huo, 280,000. Tanzania ilifika baadaye, kwa njia yake na kwa ushindani wa mitandao mingi. Kwa hiyo unaposoma utafiti, tafuta *utaratibu* uliofanya kazi, kisha uulize kama masharti yake yapo kwenu. Pesa za ndugu zilifika haraka kwa sababu wakala alikuwa karibu na ana floti. Wakala wenu yuko kilomita ngapi?

*Gharama na muda.* Kusoma ni bure au karibu na bure. Kuelewa kunahitaji mtu anayejua takwimu, na siku kadhaa za utulivu. Jaribio lenu wenyewe ni jambo la miaka na fedha nyingi. Kwa SACCOS ya kawaida lisahau.

Kinamfaa anayetakiwa kutetea makadirio mbele ya mfadhili, na anayetaka kuzuia ahadi kubwa zisizo na mashiko.

3. Takwimu za taifa

*Swali kinalolijibu.* Hali ikoje kwa jumla, na inaelekea wapi? Kenya ina FinAccess, utafiti wa kaya kuhusu huduma za fedha unaofanywa na Benki Kuu, ofisi ya takwimu KNBS na shirika la FSD Kenya tangu 2006. Tanzania ina utafiti kama huo uitwao FinScope, ambao awamu zake za karibuni ni 2017 na 2023.

Hakuna mfano ninaoupenda kama huu wa FinAccess. Watu wazima wanaofikiwa na huduma rasmi walipanda kutoka asilimia 26.7 mwaka 2006 hadi 84.8 mwaka 2024. Ukiishia hapo unapiga makofi. Lakini utafiti huohuo hupima pia afya ya kifedha: kama mtu anamudu mahitaji ya kila siku, anaweza kukabili msukosuko, na anaweka kitu kwa ajili ya kesho. Wenye afya hiyo walikuwa asilimia 39.4 mwaka 2016, wakashuka hadi 21.7 mwaka 2019, 17.1 mwaka 2021, na mwaka 2024 walikuwa 18.3. Huduma zimefika, hali za watu zimedhoofika. Takwimu hizi hazithibitishi kwamba huduma ndizo zilizodhoofisha (kulikuwa na ukame, corona, bei za vyakula), ila zinamnyima mtu yeyote haki ya kutumia "idadi ya akaunti zilizofunguliwa" kama kipimo cha athari kwa jamii. Kama kiashiria chenu kikuu ni idadi ya waliojiunga, badilisheni.

*Nguvu ya ushahidi.* Nzuri kwa kueleza hali, dhaifu kwa kueleza sababu. FinScope inaonyesha huduma rasmi Tanzania zikipanda kutoka asilimia 65 hadi 76 kati ya 2017 na 2023. Katikati ya miaka hiyo ilipita corona na ikaja tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021, iliyozua kilio hadi ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba. Nani anaweza kutenga mchango wa bidhaa moja ya benki moja humo?

*Nani anaonekana.* Wengi, wakiwemo wasio wateja wa mtu yeyote, na hiyo ni faida ambayo faili zenu hazina. Kuwa makini na tafiti za kupiga simu: zinawaona wenye simu tu. Hata hivyo zinaweza kufichua mengi. Utafiti wa simu wa CGAP, taasisi ya kimataifa ya huduma za fedha kwa maskini, uliotolewa 2018 ulikuta kwamba Tanzania zaidi ya nusu ya waliokopa kidijitali waliwahi kuchelewa kulipa, na karibu theluthi moja waliwahi kushindwa kabisa. Wengi walikopa kwa mahitaji ya kila siku.

*Kuhamishika* hakuna shida kitaifa. Shida ni kushuka. Sampuli inayotosha kusema juu ya Mtwara haitoshi kusema juu ya kata moja ya Newala. *Gharama* ni ndogo, ripoti ziko wazi kwa umma.

Kinamfaa anayepanga wapi pa kuanzia, na anayehitaji kuonyesha kwamba tatizo analodai kulitatua lipo kweli.

4. Watu waliokuwepo

*Swali kinalolijibu.* Kwa nini, na kwa mbinu gani ambazo hakuna fomu iliyouliza. Mweka hazina wa kikundi anajua nani anakopa kwa jina la shoga yake. Wakala anajua ni wanawake gani huja kutoa pesa wakiongozana na waume zao, na pesa hiyo inaingia mfuko wa nani. Ofisa mikopo aliyestaafu anajua ni mwezi gani marejesho yalilipwa kwa mikopo iliyochukuliwa kwa wakopeshaji wengine. Mtendaji wa mtaa anajua kesi zilizofika ofisini kwake: vyombo vilivyobebwa, ugomvi wa wadhamini. Mikopo ambayo mtaani inaitwa kausha damu ilijulikana hivyo kwa wakopaji muda mrefu kabla Benki Kuu ya Tanzania haijatangaza, Novemba 2024, orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni.

*Nguvu ya ushahidi.* Huwezi kukokotoa asilimia kutoka kwa watu kumi na wawili. Na kumbukumbu huchuja: mtu hukumbuka uzinduzi na hukumbuka balaa, katikati hupotea. Kuna pia adabu. Ukija na gari lenye nembo ya benki, ukiwa umeongozana na ofisa mikopo, utaambiwa kwamba mradi ulikuwa mzuri sana na mnaombwa mrudi.

Kuna namna za kupunguza hilo. Uliza juu ya mkopo wa mwisho, uache "kwa ujumla mliuonaje mradi". Keti na mweka hazina daftari likiwa wazi mbele yenu, maana daftari humkumbusha na humzuia. Zungumza na wanawake peke yao. Na tafuta waliotoka: ile orodha ya waliopotea uliyoipata kwenye faili, hapa ndipo inapofanya kazi. Kiongozi wa kikundi akikuambia "yule alihama", uliza alihama kabla au baada ya kudaiwa.

*Nani anaonekana.* Inategemea miguu yako. Chanzo hiki ndicho pekee kinachoweza kumfikia aliyeumia, na ndicho pia kinachoweza kuishia kwa mwenyekiti na rafiki zake watatu.

*Kuhamishika.* Mazoea ya watu husafiri kuliko namba. Namna pesa ya mke inavyochukuliwa au namna wadhamini wanavyoshinikizwa inafanana katika mitaa mingi. Na mambo mema nayo husafiri: watafiti waliorudi Zanzibar miaka kadhaa baada ya CARE kumaliza mradi wake wa vikundi walikuta vikundi vimeongezeka, vipya vikifundishwa na wanavijiji wenyewe. Hilo lisingeonekana kwenye ripoti yoyote ya kufunga mradi, kwa sababu lilitokea baada ya ripoti kuandikwa.

*Gharama na muda.* Wiki mbili hadi nne, nauli, na mtu anayejua kusikiliza. Wazee wa vikundi wasilipwe ili waseme vizuri. Muda wao ufidiwe, basi.

Kinamfaa anayeogopa madhara kuliko anavyotafuta sifa.

Vyanzo vikipingana

Vitapingana. Faili zitasema marejesho ni mazuri, utafiti utasema athari kwa wastani ni ndogo, mweka hazina atasema nusu ya kikundi kinakopa hapa kulipa kule. Usitafute wastani wa kauli hizo tatu. Zinaweza kuwa kweli zote: watu wanalipa vizuri *kwa sababu* wanakopa kwingine, na athari kwa wastani ni ndogo kwa sababu waliofaidika na walioumia wanafutana kwenye hesabu. Andika mgongano wenyewe kwenye ripoti ya bodi, useme ni kipimo gani kitawekwa siku ya kwanza ya huduma ili kuutatua. Kwa mkopo wetu kipimo hicho ni rahisi kukitaja, kigumu kukipata: ni wangapi wanalipa mkopo huu kwa mkopo mwingine.

Uanzie wapi, kulingana na hali yako

Una wiki mbili na huna bajeti: soma daftari la malalamiko na mihtasari ya mradi mmoja wa zamani unaofanana zaidi na huu, kisha tafiti mbili za bidhaa ya aina *ileile*. Mkopo kwa mkopo, akiba kwa akiba. Acha takwimu za taifa, isipokuwa aya moja ya utangulizi.

Mfadhili anataka namba: tafiti ziwe msingi, takwimu za taifa ziwe mandhari. Toa kadirio la chini na la juu, na utaje nchi ambako utafiti ulifanyika. Asipokubali kadirio lenye pande mbili, huyo anataka tangazo, na tangazo ni kazi ya idara ya masoko.

Taasisi inaingia mkoa ambao haijawahi kufanya kazi: faili zenu zina msaada mdogo. Anza na FinScope au FinAccess kujua wasiofikiwa ni akina nani, kisha tafuta watu waliofanya miradi ya taasisi *nyingine* huko. Wengi hukubali kuzungumza, hasa walioacha kazi.

Bidhaa ni mpya na hakuna utafiti wake: igawe vipande. Mkopo unaoamuliwa na mfumo kwa kusoma miamala ya simu ni mkopo, pamoja na alama za kukopesheka, pamoja na makato ya moja kwa moja. Kila kipande kina historia yake, na kipande cha makato ndicho kwa kawaida chenye vilio.

SACCOS ndogo au kikundi kinachofuatwa na benki kiingie kwenye huduma: huhitaji mtaalamu wa tathmini. Ombeni majina ya vikundi vitatu vilivyokwisha tumia huduma hiyo kwa zaidi ya mwaka, kikiwemo kimoja kilichojitoa. Nendeni mkaketi na waweka hazina wao. Benki ikisema hakuna kilichojitoa, ombeni orodha nzima mjichagulie wenyewe.

Huduma imeshaanza na unaulizwa sasa: bado hujachelewa kwa jambo moja. Chukua wateja waliokopa miezi mitatu ya kwanza na hawajakopa tena, uwagawe waliomaliza deni na ambao hawakumaliza, uwapigie kabla namba zao hazijabadilika.